Nyumba Arobaini na Tatu za Mwalimu Othmar Pankras Ndimbo (1946–2004)

Wasifu uliosomwa na shemeji yake, Allen Cuthbert Chiwambo, kijijini Lihumba, kata ya Lipingo, wilaya ya Mbinga, Jumamosi tarehe 14 Agosti 2004.

Waheshimiwa mapadre wetu wa pande zote mbili, mwenyekiti wa kijiji, walimu, wazee wa Litembo mlioshuka milima tangu juzi, ndugu na majirani: shikamooni, na poleni sana. Dada yangu Edina, mjane wa marehemu, ameniomba nisome wasifu wa mumewe. Nilimwambia atafute mtu mwingine. Akasema, hapana, utasoma wewe. Wengi wenu mnajua kwa nini nilikataa, na naona baadhi mmeshaanza kutazamana. Tazamaneni tu, tutafika huko. Desturi ya wasifu ni kusema mazuri na kukaa chini, nami nitajitahidi. Lakini hapa kuna jina la mtu lililochafuliwa kwa miaka tisa, na mdomo ulioanza kulichafua ni huu unaosoma. Karani wa parokia aliyepiga chapa karatasi hizi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika na maneno yangu. Nina uhakika.

Mwalimu Othmar alizaliwa tarehe 9 Machi 1946 katika vilima vya Litembo, mtoto wa nne kati ya saba wa marehemu Mzee Pankras Ndimbo na marehemu Mama Rosina. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kahawa, na kama Wamatengo wote walilima mahindi na maharage kwa ngolo, yale mashimo yanayopangwa ubavuni mwa mlima ili mvua isizoe udongo. Alisimulia kwamba kazi ya kwanza aliyofundishwa na baba yake ilikuwa kulaza majani ya ngolo kwa mistari iliyonyooka, na mstari ukipinda Mzee Pankras hakugomba, aliufumua wote na kumwachia aanze upya. Aliyewahi kufundishwa na Mwalimu atamtambua mzee huyo, ingawa hakumwona.

Alisoma shule ya msingi Litembo kuanzia mwaka 1955, akaendelea na shule ya kati hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1962. Baada ya mwaka mmoja wa kumsaidia baba yake shambani alichaguliwa kujiunga na chuo cha ualimu huko Songea, akatoka Desemba 1965 na cheti cha daraja C. Alifundisha shule mbili za milimani kwa miaka minane. Januari 1974 akapewa barua ya uhamisho kuja huku ziwani. Alishuka Liuli kutoka melini akiwa ametapika njia nzima, akatembea kwa miguu hadi hapa Lihumba, na mtu wa kwanza kumpokea begi lake alikuwa mimi, kijana wa miaka kumi na tisa niliyekuwa nikipara samaki pale mchangani. Aliniuliza kama kuna njia ya kurudi Mbinga isiyopita majini.

Huku alituchekesha sana mwanzoni. Alikuwa hali usipa, dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu alisema wanamtazama. Ugali wa muhogo aliuzungusha mdomoni weee, kama mtu anayetafuna bazoka. Mwezi wa pili tukamkuta nyuma ya nyumba ya mwalimu, uwanda mtupu, mchanga mtupu, anachimba ngolo. Tulimuuliza, Mwalimu, mlima uko wapi? Akasema mlima haupo lakini mvua ipo. Mvua ilipokuja ikajaza mashimo yote kwa mchanga kwa asubuhi moja, naye akasimama mlangoni akicheka kuliko sisi. Hakuacha kuyachimba hata hivyo. Kila mwaka alichimba safu mbili tatu, na mkiangalia pale nyuma ya turubai mtayaona ya mwaka jana.

Mwaka 1975 serikali ilipotaka kila mtu mzima ajue kusoma, Mwalimu alipewa darasa la kisomo hapa kijijini, jioni tatu kwa wiki. Wanafunzi wake walikuwa hamsini na wawili, karibu wote wanawake, maana wanaume tulijifanya tunajua tayari. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kwa hiyo sikukanyaga huko, na jambo hilo mlishike. Mama yangu, Mama Dorothy, alikuwa mmoja wa wanafunzi wa kwanza. Kisomo kile kilimfikisha mahali pa kusoma barua za watoto wake peke yake, na akiandika jina lake alitoa ulimi kidogo pembeni.

Ndoa yake na dada yangu ilifungwa tarehe 3 Septemba 1977, na haikuwa rahisi. Yeye Mkatoliki wa milimani, sisi Waanglikana wa ziwani. Baba yangu, marehemu Mzee Cuthbert, alisema hamtoi binti yake kwa mtu anayeogopa usipa. Padre wao na padre wetu waliandikiana barua miezi mitano. Mwisho ndoa ikafungwa, na tangu siku hiyo Mwalimu akashika heshima ya mkwe barabara. Akimwona Mama anakuja njiani alikaa pembeni kwenye majani, ameinamisha kichwa, hadi apite. Jina lake hakulitamka tena. Mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimfundisha herufi kwa miaka miwili akawa "Mama yake Edina" hadi juzi. Mungu aliwajalia watoto watatu: Rosina, Damiano na Ida.

Mwaka 1988 akawa mwalimu mkuu wa shule yetu. Watoto wengi aliowafundisha wameketi hapa, wengine wana mvi. Nasema haraka kuhusu miaka hiyo kwa sababu ilikuwa mizuri, na mizuri haina maneno mengi.

Sasa tumefika.

Jumapili tarehe 29 Oktoba 1995 tulipiga kura ya kwanza ya vyama vingi. Wale ambao mlikuwa wadogo mwelewe hali ilivyokuwa. Jimbo letu lilikuwa halijawahi kukipa kisogo chama cha zamani. Mwezi wa tisa Mzee Cuthbert, baba yangu, aliyekuwa balozi wa chama hicho, aliwakusanya wakuu wote wa kaya kwenye uwanja wa kanisa. Kila mmoja alinyoosha mkono akaahidi kura yake na kura za nyumbani kwake. Mkono wa mwanamume mmoja ulibeba kura ya mke, mama na wakwe wote. Yaliyokuwa kwenye vichwa vya hao wake na mama hakuna aliyeyauliza.

Wagombea walikuwa wawili wenye nguvu. Ndugu Ignatio alisimama kwa chama cha zamani. Ndugu Tadei alikuwa mbunge wetu tangu mwaka 1990, lakini alipokatwa kwenye kura za maoni alihamia chama kipya. Mnakumbuka uchaguzi ule wa 1990 wa chama kimoja, wagombea walipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba. Tadei alipewa nyumba. Huku ziwani watu walimpenda, na wazee wengi hawakumwita Tadei, walimwita wa Nyumba. Mwaka 1995 alama hizo zilifutwa, zikaja alama za vyama na kisanduku cha kuweka vema. Mimi nilikuwa mpiga debe wa Tadei hapa, na siku ya kura nilikuwa wakala wake kituoni. Kwenye kila mkutano nilisimama juu ya pipa nikasema, "Kumbukeni nyumba." Nilidhani nawarahisishia. Kumbe nilikuwa nachimba shimo, na si mimi niliyetumbukia.

Mwalimu aliteuliwa kuwa msimamizi wa kituo, darasa la tatu, shuleni kwake. Kura zilipigwa kwa utulivu baada ya ibada, foleni ndefu, kina mama wamevaa kanga zao za kanisani. Saa kumi na moja jioni tukafungua sanduku. Tulikuwa watano: Mwalimu, makarani wake wawili, wakala wa Ignatio, na mimi. Mwalimu alikuwa anakunjua kura moja moja, anaionyesha, anasoma. Ya ishirini na kitu alipoikunjua akaisogeza kwenye mwanga. Ndani ya kisanduku cha Tadei hapakuwa na vema. Palikuwa na nyumba ndogo imechorwa kwa kalamu: kuta mbili, paa, mlango upande wa kulia, na moshi umelalia kushoto. Akaiweka pembeni. Ikaja nyingine, nyumba ileile. Na nyingine. Jumla zilikuwa arobaini na tatu.

Nilisema hizi ni za Tadei, nyumba imo ndani ya kisanduku chake, mtu hahitaji miwani kuona mpigaji alimtaka nani. Mwalimu akafungua kitabu cha maelekezo akasoma kwa sauti ya darasani kwamba kura yenye alama inayoweza kumtambulisha aliyeipiga imeharibika.

"Inamtambulisha nani?" nikamuuliza. "Zote zinafanana."

Alikuwa amezishika zile karatasi mikononi, anazipitia polepole moja moja, na jasho linamtoka kwenye paji la uso. Mimi niliona jasho la mwizi.

"Kama zinafanana, basi ni mkono mmoja," nikasema. "Na karatasi zilikuwa chini yako wewe tangu jana, shemeji."

Akaandika kwenye fomu: zilizoharibika, arobaini na sita, yaani nyumba zile na nyingine tatu. Akasaini. Mimi nikakataa kusaini. Baada ya siku tatu matokeo ya jimbo zima yakatangazwa. Ignatio alimshinda Tadei kwa kura ishirini na saba.

Hesabu hiyo kila mtu aliifanya, hata wasiojua hesabu. Na mimi nilizunguka nayo. Nilisema kwenye mashine yangu ya kusaga, nilisema dukani kwa Ramadhani, nilisema mwaloni asubuhi mitumbwi ikirudi, kwamba Mwalimu Othmar alibadilisha kura zetu kwa karatasi alizozichora mwenyewe nyumbani kwake. Mwanzoni nilisema "nadhani". Wiki ya pili neno hilo nikalitupa. Vijana wakampa jina la Mchora Nyumba, na watoto wake, yaani wapwa zangu mwenyewe, wakaitwa hivyo hivyo shuleni.

Wenye ushindi nao wakaja kummaliza kabisa. Walimletea baiskeli mpya, Phoenix nyeusi, ina karatasi bado kwenye usukani, eti shukrani kwa kazi nzuri. Aliirudisha ofisi ya kijiji siku hiyohiyo akisema hajafanya kazi ya mtu. Wao wakacheka, wakasema Mwalimu ana adabu, wakaiacha pale ofisini imeandikwa jina lake. Ilikaa miaka miwili hadi ikala kutu, na kila aliyekwenda kutafuta barua ya utambulisho aliiona. Ukiwa upande wetu uliona rushwa. Ukiwa upande wao uliona mwenzao. Yeye alikuwa hana pa kusimama.

Mwaka 1996 Ndugu Tadei alifungua kesi Mahakama Kuu, Songea. Mwalimu aliitwa shahidi. Mimi nilikuwapo, nimekaa mstari wa mbele. Wakili wa Tadei alimuuliza nani alichora nyumba zile. Akasema, wapiga kura. Akaulizwa wapiga kura gani. Akasema hawezi kusema. Wakili akampa karatasi na kalamu, akamwambia, basi tuchoree nyumba, Mwalimu, nyumba yoyote unayoipenda.

Angeweza kuchora msonge. Angeweza kuchora ghorofa. Alichukua kalamu, akachora kuta mbili, paa, mlango kulia, moshi kushoto. Ilikuwa ileile. Mahakama nzima iliguna, na mimi nilipiga makofi hadi askari akanionya. Wakili akamuuliza nyumba ya namna ile alijifunza wapi. Akasema, "Ndiyo nyumba ninayoijua."

Jaji alisema kufanana kwa michoro hakuonyeshi nani alichora, akaitupa kesi. Ignatio akabaki na ubunge wake. Lakini sisi tuliokuwapo tulirudi Lihumba na hukumu yetu mfukoni. Dada yangu alimuuliza mumewe usiku ule kwa nini hakuchora nyumba nyingine. Alimwambia angechora nyingine angekuwa amedanganya baada ya kula kiapo. Haya dada aliniambia juzi. Miaka ile nilikuwa sisikii cha dada wala cha nani.

Wavuvi vijana waliacha kumuuzia samaki. Mtu wa milimani, hajui kuvua, hana mtumbwi, na kijiji kizima kinanuka samaki isipokuwa jikoni kwake. Edina alitembea hadi kijiji cha pili kununua mbasa, akirudi amefunika beseni kwa kanga kama aliyeiba. Mimi ndugu yake wa tumbo moja niliacha kuingia nyumbani kwao. Rosina, mpwa wangu, alinisalimia shikamoo njiani siku moja Julai 1996, nikapita kama sijasikia. Alikuwa na miaka kumi na minane. Rosina, upo hapo mbele, nakuomba radhi mbele ya watu hawa.

Mwaka 1997 aliomba uhamisho wa kurudi Litembo, akapewa. Godoro, vitanda na masanduku ya vitabu vikapakiwa kwenye boti asubuhi. Nilikwenda mwaloni makusudi. Nilisema kwa sauti, apate kusikia, kwamba leo mwizi anakimbia. Alisimama ndani ya maji hadi magotini, yeye aliyekuwa anaogopa maji, akanigeukia.

"Shemeji," akasema, "nikiondoka nimekiri. Nikisema nitakuwa nimewauza watu. Basi nakaa."

Akaanza kushusha godoro. Edina alilia, watoto walilia, boti ikaondoka na sanduku moja la vitabu lililosahaulika. Mimi nilicheka. Nilidhani watu anaosema hatawauza ni wakubwa wa chama chake. Kwa nini nisidhani hivyo, nilikuwa nimeshaamua. Akaishi hapa miaka mingine saba, mita mia tatu kutoka kwenye mashine yangu, akitoka nyumbani kwenda shule, shule kwenda kanisani, kanisani kwenda nyumbani, njia zile tatu tu. Uchaguzi wa mwaka 2000 hakuitwa kusimamia. Alipanga foleni kama wengine, na mtu mmoja nyuma yake akauliza kama amekuja na rangi. Watu walicheka, nami nilikuwamo.

Katika miaka yote hiyo, tulipokutana ana kwa ana pasipo pa kukwepa, Mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Mama mzima?" Nilijibu mzima, nikapita. Niliona ni heshima ya mkwe, nikaona pia ni unafiki.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2001 kwa shinikizo la damu. Tarehe 17 Januari mwaka huu alipata kiharusi akiwa darasani, mkono na mguu wa kulia vikalala. Alitibiwa katika hospitali ya misheni Liuli, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani Aprili. Tunawashukuru sana madaktari na wauguzi. Mwezi wa saba hali ikabadilika, akarudishwa wodini. Nilikwenda kumwona mara moja, kwa kulazimishwa na Mama, nikasimama mlangoni kama mgeni. Ulimi ulikuwa mzito. Alichosema nilikielewa baada ya kurudia mara mbili. Aliuliza, "Mama mzima?" Alifariki dunia Jumatano tarehe 11 Agosti, saa tatu asubuhi, dada akiwa ameshika ule mkono wa kushoto uliokuwa bado unafanya kazi. Aliacha neno kwamba azikwe hapa, asipelekwe Litembo, na wazee wa Litembo tunawashukuru kwa kukubali. Alimwambia Edina kwamba akizikwa kwao watasema hata maiti yake ilikimbia.

Nilidhani wasifu huu ungeishia hapo. Niliuandika Jumatano jioni, maneno mia mbili hivi, baridi kabisa, uchaguzi haukutajwa.

Alhamisi asubuhi kazi yangu ilikuwa kukaa na daftari la waombolezaji, pale kwenye meza chini ya turubai. Watu wanakuja, wanaandika jina na wanakotoka, wanaingia kumpa pole mjane. Mama Dorothy akaja kwa fimbo yake. Nilimwambia, Mama, wewe ni mwenye msiba, huandiki. Akanyoosha mkono akachukua kalamu. Akatoa ulimi kidogo pembeni, kama zamani. Hakuandika jina. Alichora kuta mbili, paa, mlango upande wa kulia, na moshi umelalia kushoto.

Akaligeuza daftari upande wangu.

"Hii ni yangu," akasema. "Na ya siku ile ilikuwa yangu."

Mama ameniruhusu niyasome haya. Aliniambia kwamba somo la kwanza la kisomo, mwaka 1975, halikuwa herufi. Wengi wao walikuwa hawajawahi kushika kalamu, vidole vilikuwa vinatetemeka. Mwalimu akachora nyumba ubaoni, akawaambia kila mtu achore nyumba hiyo hadi mkono uzoee. Walichora wiki mbili, wote hamsini na wawili, nyumba ileile. Moshi ulilala kushoto kwa sababu yeye alikuwa amezoea kusema kushoto ni ziwani. Baada ya nyumba ndipo wakaanza na a. Miaka ishirini baadaye wakafika kwenye kisanduku cha kura, wamesikia kijana fulani juu ya pipa anawaambia wakumbuke nyumba, hawaioni kwenye karatasi, na mkono wao unajua kuichora. Wakaichora. Baba yangu alikuwa ameahidi kura ya mama yangu uwanjani mwa kanisa, mkono juu. Waume wengine kadhalika.

Na Mwalimu alizijua. Mimi niliona nyumba arobaini na tatu zinazofanana. Yeye aliona mikono arobaini na mitatu aliyoishika mwenyewe: huyu anakandamiza kalamu, huyu anaanza na mlango, huyu paa lake halifiki ukutani. Jasho lile lilikuwa la mtu anayesoma majina. Kitabu kilisema alama inayomtambulisha mpigaji, na kwa macho yake kila moja ilimtambulisha. Angezihesabu, angekuwa amevunja maelekezo aliyoapa kuyafuata. Angeeleza kwa nini hazihesabu, angewataja. Hata kusema tu "niliwafundisha mimi" kungetosha, maana daftari la kisomo lilikuwepo na majina yake, na jioni ile ile wanaume wa Lihumba wangerudi kwa wake zao nalo mkononi. Jina moja katika hayo hata kulitamka asingeweza kwa heshima ya mkwe.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakuniambia miaka yote hii. Akasema, "Baba yako alikuwa hai. Alipokufa, nilikuwa nimeshazoea kunyamaza. Nisamehe, Allen." Mimi ndiye wa kumsamehe mtu? Baba alifariki mwaka 2002, na shemeji yangu alibeba jeneza lake mbele, upande wa kulia, mimi nikiwa nimekataa kumpa mkono.

Baada ya Mama daftari halikupumzika. Mchana ule walikuja kina mama wawili, wakaniomba kalamu bila kuniangalia. Jioni walikuja watano. Jana walikuja kutoka hadi Liuli. Wengine ni wajane sasa. Wengine waume zao walikuwa wamesimama nyuma yao wakitazama, na sikusikia mume hata mmoja akisema neno. Mmoja ni mwanamume mzima, kapteni wa boti, aliyekuwa ametuficha kisomo chake miaka yote. Majina sitayasoma. Mwalimu hakuyasema mahakamani, mimi siyasemi kaburini. Daftari liko pale mezani, na hadi jana jioni lina nyumba ishirini na tisa, zote moshi unaelekea ziwani. Wengine waliobaki wametangulia au wako mbali.

Niliyoyasema mwaka 1995 niliyasema kwa sauti kubwa. Kwa hiyo na haya nayasema kwa sauti hiyohiyo: Mwalimu Othmar Ndimbo hakuiba kura ya mtu. Mimi nilimsingizia. Nilimkosea yeye, nikamkosea dada yangu, nikawakosea watoto wao, na kwake yeye nimechelewa.

Marehemu ameacha mjane, Edina, watoto watatu, Rosina, Damiano na Ida, wajukuu wanne, ndugu watatu walioko Litembo, mama mkwe, Mama Dorothy, ambaye ni mzima, Mwalimu, ni mzima, na shemeji mmoja. Ameacha pia wanafunzi wake wa kisomo, ambao leo, kwa mara ya kwanza, wamesimama upande wake mchana kweupe.

Mungu ampe pumziko, maana sisi majirani zake tulimnyima.